Uzi: Mashindano ya trial, pikipiki juu ya mawe bila kutia mguu chini. Uendeshaji na matunzo

MteremkoKitonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye uzi wa bodaboda kuna aliyeniuliza ni mashindano gani hayo ninayocheza huku kaskazini mwa Uingereza ambayo mshindi ni mwenye pointi chache. Jibu limekuwa refu, nimeona nilifungulie uzi wake.

Mchezo unaitwa trial. Waandaaji hutafuta mahali ambapo mtu mwenye akili asingepitisha hata mbuzi: kijito chenye mawe ya utelezi, mizizi iliyolowa, ukingo wa tope, majabali yaliyolaliana. Hapo hutenga vipande vifupi kwa utepe na vishale. Chekundu kikae kulia kwako, cha bluu kushoto. Kila kipande kina mwamuzi wake, mara nyingi mzee mstaafu mwenye kiti cha kukunja, chupa ya chai na kadi. Unaingia umesimama juu ya vikanyagio, unapita, unatoka. Ukigusa chini kwa mguu mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, mara tatu na kuendelea ni 3, hata kama umepiga kasia kwa miguu mwanzo hadi mwisho. Ukianguka, ukitoka nje ya alama au ukishindwa kufika mwisho ni 5. Ukipita safi ni 0. Trial ya klabu ya Jumapili huwa na vipande kama 10 na mizunguko 3 au 4. Ikiwa mizunguko ni 4, aliyeshindwa kila mahali anarudi nyumbani na 200 zake.

Pikipiki zenyewe hazina kiti, maana hakuna wa kukaa. Uzito ni kilo 70 hivi, tangi ni lita mbili na ushee, na usukani unakata kona hadi unashangaa. Zimetengenezwa kwa kazi hiyo moja, kwa safari ya kwenda sokoni hazifai kitu.

Mchezo ni wa siku nyingi. Ule wa siku sita wa Scotland, unaoanzia mji wa Fort William chini ya mlima Ben Nevis mwezi Mei, mizizi yake ni 1909. Hapa Yorkshire kuna Scott Trial, iliyoanza 1914 pale Alfred Angas Scott, mtengeneza pikipiki, alipowapa changamoto wafanyakazi wake watoke kiwandani Shipley wakapite mabondeni. Hiyo ya Scott ina balaa la ziada: pamoja na pointi za miguu, anayewahi kumaliza ndiye anaweka muda, na kila dakika unayochelewa nyuma yake unaongezewa pointi. Trial nyingine nyingi hazikuharakishi hivyo, mradi usichelewe kupita muda wa siku.

Nimeanza na haya. Ulizeni, mambo ya ufundi nitayaandika kadiri maswali yanavyokuja.

Nyundo wa Kinyerezi

Yaani mnashindana nani anakwenda polepole bila kuanguka? Mbona foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni tungekuwa tunagawa medali.

BintiSayari

Nyundo acha utani 😂 Mkuu Kitonga, nimeona video za yule Mhispania anapanda ukuta wa zege mrefu kuliko yeye. Ndiyo hii hii?

MteremkoKitonga

Ndiyo hii hii, ila yule ni Toni Bou na si vizuri kujipima naye. Tangu 2007 hadi 2024 hakuna mwaka aliokosa taji la dunia, la nje na la ndani ya ukumbi yote mawili. Hesabu mwenyewe, ni 36. Kabla yake alikuwepo Dougie Lampkin wa hapa hapa Yorkshire, mataji 12 ya dunia ukijumlisha ya nje na ya ukumbini. Baba yake, Martin, ndiye bingwa wa kwanza kabisa wa dunia, 1975, akiwa na pikipiki ya Kihispania ya Bultaco.

Klabuni hakuna anayeruka ukuta. Kila kipande kina njia kadhaa zenye rangi tofauti, mzee wa miaka 70 anapita njia yake na kijana mwenye wazimu anapita ya kwake, wote kwenye kijito kimoja. Mimi niko njia ya kati na sina haraka ya kupanda daraja.

Halafu kuna jambo la kanuni ambalo linawachanganya wageni. Kuna trial ambazo ukisimama tu, hata bila kutia mguu, ni 5. Ndizo za kutosimama, na mashindano ya dunia yaliingia utaratibu huo 2013. Kuna nyingine unaruhusiwa kusimama, kurukaruka na tairi ya mbele ukajipanga, kisha uendelee. Za ukumbini ni hizo. Ukienda trial usiyoijua soma karatasi ya waandaaji kabla hujawasha injini. Mimi napenda za kutosimama. Zinamlazimisha mtu aende, haziachii sarakasi.

FundiGerezani

Mkuu heshima. Mimi ni fundi, mambo ya mataji niachie wengine. Nieleze mashine. Injini gani, upepo wa tairi kiasi gani, klachi inastahimilije kukanyagwa nusu siku nzima?

MteremkoKitonga

Fundi, hapo ndipo nilipotaka tufike. Naanza na tairi, kwa sababu wageni wote huanza na injini na wanapoteza hela.

Tairi ya nyuma ni inchi 18, pana, laini, haina tyubu, na upepo wake ni psi 4 au 5. Umesoma sawasawa. Ya mbele ni inchi 21, psi 6 au 7, na hiyo kwa kawaida ina tyubu. Kwa upepo huo tairi inalala juu ya jiwe na kulikumbatia, mpira mwingi unagusa. Ukiweka psi 10 nyuma, ile mashine uliyoiona kwa wenzako ikipanda jabali lenye ukungu wa kijani itakutupa. Geji ya kawaida ya gereji haifai, inaanza kusoma mahali ambapo sisi tumeshamaliza. Nunua ya psi 0 hadi 15. Pima ukiwa umefika uwanjani, si nyumbani, kwa sababu asubuhi ya baridi na mchana wa jua haziko sawa, na kwa viwango hivi vya chini nusu psi unaihisi.

Tairi za motokrosi zenye meno marefu haziruhusiwi. Zinachimba ardhi, na mwenye shamba akiona mashimo hatatukaribisha tena. Meno ya tairi ya trial ni mafupi na ya mraba, na kinachoshika ni ile kingo yake kali. Kingo ikishakuwa ya mviringo, geuza tairi kwenye rimu iangalie upande wa pili, unapata kingo mpya ya bure. Kuikalisha tena ni kazi: sabuni nyingi, kompresa, jaza hadi isikike inapiga pa! pande zote mbili, kisha shusha hadi 5. Na kagua njiti za gurudumu, kwa upepo mdogo hivyo rimu inapigwa na mawe moja kwa moja.

Injini. Nyingi ni zile za kuchanganya oili na petroli, cc 125 hadi 300. Wala usitake 300 ukianza. Mchanganyiko kwa mashine za kisasa ni 80 kwa 1, yaani lita 5 za petroli unatia oili mililita 62 hivi, ya daraja la juu. Mashine za zamani za miaka ya sabini zinataka oili zaidi ya hapo, fuata kitabu chake. Tatizo la injini hizi si kuchoka, ni kutosafishwa koo. Unapita kijito mizunguko ya chini saa nzima, oili inatuama chini kwenye kasha la mtarimbo, yaani krenki. Ukija kuhitaji nguvu kwenye mlima inakohoa. Kabla ya kuingia kipande, vuta mafuta mara mbili tatu hadi moshi upungue, ndipo uingie.

Kwa kuwa hakuna mwendo, hakuna upepo wa kupoza rejeta. Ndiyo maana kuna feni ya umeme. Feni ikifa hutajua hadi maji yachemke, kwa hiyo nikiwasha pikipiki gereji huwa nasubiri hadi niisikie inaanza kuzunguka yenyewe. Pia rejeta huziba tope kwenye mapezi, isafishwe kwa brashi laini.

Klachi ni somo lake. Ni ya mafuta, si ya waya, unaivuta kwa kidole kimoja, na oili ya gia ni nyepesi, wengi wanatumia ile ya gia za magari ya otomatiki. Inaingia kidogo, chini ya lita moja, inachafuka upesi. Ibadilishe mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika, bei yake haiumizi. Baadhi ya mashine mpya sahani zinagandana zikikaa: ukiweka gia asubuhi inaruka mbele hata kama umeshika klachi. Njia ya salama ni kuwasha, kuipasha moto vizuri, na kuweka gia ya kwanza ukiwa umeshika breki ya mbele, pikipiki ikitazama mahali pasipo na mtu. Mafundi wengine hufungua na kukwangua gundi iliyozidi kati ya vipande vya msuguano. Inasaidia sana. Ila usikwangue vipande vyenyewe.

MwanaLari

Boss, hapo kwa injini sikubaliani. Mimi napanda motokrosi huku Kenya. Injini ya kawaida, ile ya bodaboda isiyochanganywa oili, ndiyo inashika ardhi vizuri. Inavuta polepole, haitelezi. Hizo zenu za moshi zinaamka ghafla.

MwanaLari

Na nyongeza: Honda walishinda dunia na injini hizo.

MteremkoKitonga

Kaka, kwamba walishinda ni kweli kabisa. Eddy Lejeune wa Ubelgiji, 1982, 1983 na 1984, mfululizo, kwa Honda. Na Bou mwenyewe amekuwa na Montesa, ambayo ni tawi la Honda huko Hispania, ya injini ya aina hiyo miaka yote hiyo. Kwa hiyo siwezi kukuambia injini yako haifai.

Ninachosema ni hiki. Hizo za moshi za trial si za motokrosi. Mtarimbo umeongezwa uzito, hewa inapita kwenye njia nyembamba, na kipini cha mafuta kimetengenezwa kifunguke taratibu, unazungusha mkono nusu ndipo kabureta inaanza kuitika. Haziamki ghafla. Kikubwa zaidi kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe: silinda unaifungua jioni moja na kubadilisha pistoni na ringi, hakuna vali za kurekebisha wala kompyuta ya kusoma. Kwa fundi wa kijijini tofauti hiyo ni kubwa. Ukiwa na mdhamini, chukua unachotaka.

BintiSayari

Mimi nina kilo 52 na sijawahi kusimama juu ya pikipiki inayotembea. Kuna nafasi yangu au hii ni ya wanaume wenye mabega?

MteremkoKitonga

Dada yangu, mabega ndiyo yanayowaponza wanaume. Anayeshikilia usukani kwa nguvu anachoka mzunguko wa pili. Kuna Laia Sanz wa Hispania, bingwa wa dunia wa wanawake zaidi ya mara 10, ambaye baadaye alikwenda kwenye mbio za jangwani za Dakar na mwaka 2015 akamaliza wa 9 kwa jumla upande wa pikipiki, wanaume wote wakiwemo. Alianzia huku huku kwenye mawe ya polepole.

Uendeshaji wenyewe, kwa anayeanza:

Simama magoti yakiwa yamelegea, nyonga juu ya vikanyagio, wala usiegemee usukani. Kidole kimoja klachi, kimoja breki ya mbele, saa zote. Hicho cha klachi hakitoki hapo hata njia ikiwa nyeupe.

Kona ndiyo inayotenganisha watu. Ingiza pikipiki ndani ya kona, lakini mwili wako uutoe nje, na uzito wote uusukume kwenye kikanyagio cha nje. Pikipiki inalala, wewe umesimama wima. Wanaoanza wanalala pamoja nayo, mguu unashuka, pointi 1. Nafasi tambarare yenye nyasi zilizolowa inatosha kufanya zoezi hili mwezi mzima: weka mawe mawili, zunguka namba nane, punguza upana kila siku.

Mlima: mwendo unautafuta chini kabla ya kuanza kupanda. Ukishaanza kupanda unaondoa mafuta taratibu, huongezi. Tairi ikianza kuzunguka bure, kuongeza mafuta ni kuchimba kaburi. Gia ya pili kwenye tope na mawe yaliyolowa, mara nyingi, si ya kwanza.

Kingo au gogo: sukuma chini shoku ya mbele, iachie irudi, papo hapo vuta mafuta kidogo, tairi ya mbele inapaa kwa juhudi ndogo. Ikishagusa juu, funga mafuta, magoti yalegee, ya nyuma itapanda yenyewe ikiwa hujaikalia.

Na tembea kipande kwa miguu kabla ya kukiendesha. Usiangalie jabali kubwa, kila mtu analiona. Angalia jiwe dogo lililo mita moja kabla yake, lile litakalokupotezea mstari. Utaona mabingwa wanakaa muda mrefu wakitazama, wanasukuma jiwe kwa kisigino waone kama linacheza, kisha wanapita upesi kama vile hawakuwaza kitu.

Kila kitu kingine, kurukaruka, kusimama tuli, kuinua tairi ya nyuma na kuihamisha, kaa nacho mbali mwaka wa kwanza.

Nyundo wa Kinyerezi

Sasa nauliza bila utani. Boxer yangu naweza kufanyia haya?

MteremkoKitonga

Unaweza kufanyia nusu, Nyundo. Namba nane ukiwa umesimama, kutembea polepole bila kutia mguu, kushuka mteremko kwa breki ya nyuma na injini: hayo yote Boxer inakubali, na kwa kweli kwa mtu wa bodaboda ni elimu ya barabarani ya kila siku. Badilisha sproketi ya mbele uweke yenye meno machache, itatulia kwenye mwendo mdogo. Usijaribu magogo. Ina zaidi ya kilo 100, tumbo la injini liko wazi kwa chini, na usukani hauzunguki vya kutosha.

Kama uko Tanzania au Kenya na unataka kuanza kwa kweli, tafuta Yamaha DT au Honda XL za cc 125, zile za mabwana shamba na miradi. Nyingi zina rimu ya 21 mbele na 18 nyuma, na hizo ndizo saizi za tairi za trial. Ng'oa vioo, taa za pembeni na vyote vinavyoning'inia, inua usukani kidogo, punguza meno mbele. Haitakuwa Montesa, lakini utaweza kujua kama mchezo ni wako.

Nimesahau usalama. Kofia, buti ndefu, na kile kikamba cha sumaku kinachofungwa mkononi: ukitupwa kinachomoka na injini inazima. Mashine ikikulalia mafuta yakiwa yamefunguka, mnyororo haujui kidole na jiwe.

FundiGerezani

Safi. Sasa matunzo ya baada ya mashindano. Na mtu akitaka kununua iliyotumika aangalie nini?

MteremkoKitonga

Haya yanakwenda pamoja, kwa sababu iliyoharibika huwa imeharibiwa na kuoshwa.

Watu wanatoka kwenye tope wanaipiga na mashine ya maji ya presha. Maji yanaingia kwenye beringi za mkono wa nyuma na zile za viungo vya shoku ya nyuma, ambazo ziko chini kabisa na mara nyingi hazina chuchu ya grisi. Nje inang'aa, ndani kutu. Mimi naosha kwa mpira wa bustani na brashi, naziba mdomo wa bomba la moshi, sielekezi maji kwenye ekseli wala kwenye viungo. Na mara moja kwa msimu fungua viungo vyote, futa, paka grisi mpya ya kuzuia maji. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kichujio cha hewa ni sponji yenye oili. Kitoe, kioshe kwa kiosheo chake au kwa maji ya sabuni, kausha kabisa, tia oili, kamua. Ukingo upake grisi ili vumbi lisipite pembeni. Usioshe kwa petroli, sponji inaachana kwenye gundi.

Petroli usiiache kwenye kabureta. Huku Uingereza petroli ya kawaida tangu Septemba 2021 ni E10, asilimia hadi 10 ni ethanoli, inavuta maji na kuacha utando kwenye jeti ya mwendo mdogo, na jeti hiyo ndiyo tunayoishi nayo. Wenye Bultaco na Ossa za zamani zenye matangi ya nyuzi za kioo wana kilio kingine: ethanoli inalainisha tangi lenyewe, na uji wake unashuka hadi kwenye injini.

Ukinunua iliyotumika, usianze kwa kuwasha. Inua nyuma kwa kushika fenda na kuitikisa juu chini. Ukisikia kuchezacheza kabla shoku haijaanza kufanya kazi, viungo vimekwisha, na seti yake ina bei. Tazama kinga ya chini ya injini: mikwaruzo ni kawaida, lakini iliyobonyea hadi kugusa kasha, ondoka. Gusa bomba kabla hamjawasha, likiwa la moto muuzaji ameshaipasha mapema na kuna anachoficha. Kisha iwashe baridi, gia ya kwanza, uone klachi. Breki ya nyuma ikiwa laini kama sponji usishtuke sana, hizo hujaa hewa na kuitoa ni kazi ya subira, lakini omba punguzo.

Ikishindwa kupumua vizuri mizunguko ya juu, kabla hujafungua injini tazama bomba la moshi. Lile sanduku la katikati hujaa masizi na oili ya miaka.

FundiGerezani

Swali la mwisho leo. Hiyo klachi ya mafuta, ikipungua naongeza mafuta ya breki ya kawaida?

MteremkoKitonga

Usiongeze hadi usome kifuniko cha kopo pale kwenye usukani. Nyingine zinataka DOT 4 kama breki, nyingine zinataka mafuta ya madini, na kwa macho pikipiki mbili zinaweza kufanana. Ukitia DOT 4 kwenye mfumo wa madini sili zinavimba, klachi inabaki imeshikilia, na itabidi ubadilishe silinda ya juu na ya chini. Kama kifuniko kimebadilishwa au maandishi yamefutika, andika hapa aina na mwaka wa mashine, weka na picha ya mkono wa klachi, tutazame pamoja.